Mikese, Mahali Ambapo Lori ni Nyumba

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, ukishapita Chalinze na kuiacha Gwata nyuma, milima ya Uluguru huanza kujitokeza mbele yako upande wa kushoto, vilele vyake vikiwa ndani ya mawingu. Hapo ujue Mikese iko karibu. Ni mji mdogo wa Morogoro Vijijini, kiasi cha kilomita 30 kabla ya kufika Morogoro mjini. Abiria wengi wa mabasi huupita wakiwa wamesinzia, lakini malori huujua vizuri. Kwa miaka mingi watu walipotaja Mikese walimaanisha mizani ya magari makubwa na foleni yake, na mahali panapotokea foleni hapakosi mama lishe, gesti, fundi wa matairi na dumu la maji la kuuza.

Mimi ni muuguzi, na pamoja na akina mama wenzangu wa kanisa huwa tunakwenda pale jioni za Alhamisi tukiwa na meza, viti vya plastiki na mashine ya kupimia shinikizo la damu. Jua linapokaribia kuzama malori huanza kuegesha. Utaona utingo akifungua sanduku la chuma lililofungwa chini ya tela: ndani yake mna sufuria, mwiko, unga, chumvi na jiko. Shati lililofuliwa linaning'inia kwenye kioo cha pembeni. Dereva anapiga mswaki akiwa amesimama kwenye gurudumu. Nyuma ya kiti chake mna godoro jembamba, na juu ya godoro hilo atalala leo, kesho na wiki mbili zijazo.

Huko Marekani na Ulaya kuna watu, wengi wao wastaafu, wanaouza nyumba zao na kununua gari kubwa lenye kitanda, jiko, choo na tangi la maji, wakaishi humo mwaka mzima. Vitabu vingi vimeandikwa kuwafundisha namna ya kuishi vizuri katika nafasi ndogo. Baadhi yao hufika hata kwetu. Tunawaona wakipita kuelekea Mikumi, na watoto wa Mikese huwapungia mikono. Lakini sisi nasi tunao watu wetu wanaoishi garini, tena wengi, ila hatujazoea kuwahesabu hivyo. Safari ya kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Lubumbashi ni kilomita zipatazo 2,000 kwenda tu. Foleni ikiwa ndefu Tunduma, na nyingine Kasumbalesa, mwezi unaweza kwisha kabla baba hajarudi. Mama mmoja wa Kihonda aliniambia kwamba alijumlisha kwenye kalenda siku ambazo mumewe alilala nyumbani kwa mwaka mzima, akapata miezi miwili na siku chache. Basi nikamwuliza, je, nyumba ya huyu baba ni ipi hasa?

Swali hilo halikuwa la kumchokoza. Nauliza hivyo kwa sababu akina mama wengi tunatunza kwa bidii nyumba ambayo mume analala miezi miwili, na ile anayolala miezi kumi hatujawahi hata kuchungulia ndani yake.

Mikese yenyewe ina historia ya mambo haya. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, ikipita hapa. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mwishoni mwa mwaka 1916, jeshi la Waingereza liliifanya Mikese kituo cha kushushia shehena kutoka kwenye treni, na kutoka hapo mizigo ilikwenda kusini kuelekea Kisaki na mto Rufiji, sehemu kubwa ikiwa vichwani mwa wapagazi. Ukisoma habari za vita vile utaona kwamba magonjwa yaliua watu wengi kupita risasi: kuhara, malaria, njaa na uchovu. Nikikaa na mashine yangu kando ya barabara, karne nzima baadaye, wagonjwa wangu wananiletea mambo yale yale manne, ukiondoa njaa na kuweka shinikizo la damu mahali pake.

Maji na jiko

Tuanze na maji, maana hapo ndipo mambo mengi huharibika. Dereva anahitaji madumu mawili yasiyofanana hata kwa rangi: moja la maji ya kunywa, jingine la kuogea na kuoshea vyombo. Yakifanana, utingo akiwa na haraka atachanganya. Dumu la kunywa liwe na mdomo mwembamba, ili asiingize kikombe. Maji yachemshwe nyumbani kabla ya kuondoka, na yanapokwisha njiani atie vidonge vya kutibu maji, ambavyo vinauzwa madukani na havichukui nafasi kubwa kuliko kiberiti. Madereva wengi hunywa maji kidogo kwa makusudi ili wasisimame kukojoa. Wakifika kwetu wanalalamika kiuno, choo kigumu, na mkojo wa rangi ya chai. Mwambie mumeo asimame. Dakika tano za kando ya barabara ni rahisi kuliko mawe kwenye figo.

Kuhusu jiko, nasema kwa ukali kidogo: jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya kabini kwa namna yoyote, hata likiwa limebaki majivu ya moto tu, hata kama usiku wa Makambako una baridi ya kuuma mifupa. Moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyo na harufu. Mtu hulala usingizi, asiamke. Mtungi mdogo wa gesi ni mzuri zaidi, lakini nao upikiwe nje, ufungwe kamili baada ya kupika, na mpira wake upakwe povu la sabuni mara moja kwa mwezi. Povu likitoa mapovu mapya, gesi inavuja. Na anayeendesha lori la mafuta asiwashe kitu chochote karibu na gari lake. Huyo ale kwa mama lishe.

Chakula cha safari kinataka akili ya mama. Ndizi mbichi kutoka Uluguru hukaa siku kadhaa bila kuharibika, na viazi vitamu vivyo hivyo. Dagaa waliokaangwa wakakauka vizuri, maharage yaliyochambuliwa na kupimwa katika mifuko ya mlo mmoja mmoja, karanga, machungwa. Mama mmoja humfungia mumewe nyanya zilizokaushwa juani na vitunguu vilivyokaangwa hadi vikakauka, vikiwa kwenye kopo la plastiki, ili mboga ya utingo iwe na ladha ya nyumbani. Chips na soda kila siku ndizo zinazotuletea watu wenye sukari wakiwa na miaka 38.

Kulala

Ukilala ndani ya kabini vioo vikiwa vimefungwa, unaoka kama mkate. Ukivifungua, mbu wanaingia. Wengine huacha injini inanguruma usiku kucha ili wapate kiyoyozi, na hapo wanachoma dizeli ya tajiri na kujiweka karibu na moshi. Dawa ya tatizo hili nimeiona Mikese kwenye lori la dereva ambaye mkewe ni fundi cherehani. Alikata chandarua chenye dawa akashona mifuko miwili mikubwa yenye lastiki mdomoni. Unafungua mlango wa gari, unauvisha mfuko ule kama unavyovisha mto foronya, unaufunga mlango, kisha unateremsha kioo. Hewa inapita, mbu hapiti. Nilisimama nikakiangalia kitu kile kwa muda mrefu, nikafikiri kwamba huko wanakoandika vitabu vya magari-nyumba wangekipigia picha.

Usingizi wenyewe ni jambo zito zaidi. Saa ambazo mwili wa binadamu hudai kulala kwa nguvu ni kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri, na hapo ndipo gari huacha barabara bila breki kukanyagwa. Zamani baadhi yao walinunua viroba. Serikali ilivipiga marufuku Machi 2017, lakini mirungi na vinywaji vya kutia nguvu bado vipo mifukoni. Hakuna kati ya vitu hivyo kinachoondoa usingizi. Vinauahirisha tu, kisha unakuja wote kwa mpigo.

Hapa, mama mwenzangu, sisi nasi tuna sehemu yetu. Simu ya saa 3 usiku, "Baba Neema, uko wapi? Mbona hujafika Mikumi? Watoto wanakusubiri," inamfanya mtu aliyekuwa ameamua kulala Mikese aendelee. Wekeni saa ya kupigiana simu, yeye akiwa ameegesha. Na neno la kwanza liwe, "Umelala?" Mambo ya ada ya shule yapo, yatasemwa, lakini si wakati ameshika usukani kwenye kona za Kitonga.

Sanduku la dawa

Jioni moja alikaa mbele yangu baba wa miaka hamsini na kitu, mcheshi, akitaniana na wenzake waliokuwa kwenye foleni.

"Sista, hiyo mashine yako inasemaje?"

"Inasema 190 kwa 110, baba. Ulishawahi kuambiwa una presha?"

"Tangu mwaka juzi. Dawa ninazo."

"Umemeza leo?"

"Ziko nyumbani kwa mama watoto."

Wenzake walicheka, naye akacheka. Mimi sikucheka, maana jibu lile nalisikia karibu kila Alhamisi. Dawa ziko nyumbani, kadi ya kliniki iko nyumbani, chandarua kiko nyumbani, na mwenyewe anaishi barabarani.

Kwa hiyo, kama mumeo ana dawa za kila siku, ziwe na makao mawili. Weka za mwezi mzima ndani ya gari na akiba nyumbani. Zisiwekwe juu ya dashibodi wala mfukoni mwa mlango. Jua la Dodoma litazipika, nazo zitapoteza nguvu. Mahali pazuri ni chini ya kitanda, ndani ya kopo lenye mfuniko. Mwenye kutumia insulini atumie chupa ya chai yenye mdomo mpana: itiwe maji baridi, yamwagwe, kisha dawa iwekwe ndani ikiwa katika mfuko mkavu. Usiigandishe kwa barafu, insulini iliyoganda haifai tena.

Sandukuni muwe pia na pakiti za maji ya chumvichumvi ya kuzuia upungufu wa maji mwilini. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi vinatosha kumfikisha hospitali. Dawa ya kupunguza maumivu, bandeji, pamba, glavu na mkasi. Dawa ya mseto ya malaria asinunue kwa kukisia. Apimwe kwanza, kipimo cha haraka kinatoa jibu kama robo saa hivi. Akipewa, dozi ni mara 6 kwa siku 3, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, na amalize hata akijisikia mzima siku ya pili. Wengi huishia nne.

Kikohozi cha wiki mbili na zaidi kipimwe kifua kikuu. Kabini ni chumba kidogo, na utingo anavuta hewa ile ile. Matibabu ni bure. Na kwa wanaovuka mpaka, chanjo ya homa ya manjano siku hizi hailazimu kurudiwa kila miaka kumi. Tangu Julai 2016 cheti chake kinatambuliwa maisha yote ya mtu, basi kitunzwe pamoja na pasipoti.

Bandika ndani ya mlango wa gari karatasi yenye jina lake, dawa anazotumia, zinazomdhuru, na namba yako ya simu. Chini yake andika 112 ya polisi na 199 ya Wizara ya Afya, ambayo haitozi chochote.

Lile tusilopenda kulitaja

Tunajua sote ninachotaka kusema. Mapema miaka ya 1990 shirika la AMREF liliendesha elimu ya UKIMWI kwa madereva na kwa wanawake wa vituo vya malori kwenye barabara kuu za nchi yetu, wakitumia madereva wenyewe na wanawake wenyewe kuwa waelimishaji wa wenzao. Huko Kenya, shirika la North Star Alliance limeweka kliniki ndani ya makontena kando ya barabara, kwa mfano Mlolongo na Mariakani, zinazofunguliwa saa ambazo lori limeegesha. Nadhani hilo ndilo jambo la busara kupita yote niliyowahi kuyaona katika kazi hii, maana kliniki inayofungwa saa 9 na nusu alasiri haimfai mtu anayeegesha saa 12 jioni.

Katika vikundi vyetu vya kanisa tunahimiza uaminifu, na tunafanya vema. Lakini nimekaa Mikese nikaona kwamba kuhimiza peke yake hakumfikii mtu mpweke wa siku ya ishirini. Anayesubiri foleni Tunduma kwa siku nne hana mke, hana mtoto, hana ibada, hana hata kiti cha kukalia mbali na usukani. Wakati wa korona mwezi Mei 2020, Zambia ilipofunga mpaka wa Nakonde, kulikuwa na watu waliokwama wakiishi kwenye kabini bila kujua wataondoka lini. Sisemi hivyo ili kumtetea mtu. Nasema ili mama ajue anapambana na nini, asidhani ni uzuri wa mwanamke wa Mikese. Wanawake wale nami ninawapima, wengi wana watoto wa kulea na presha zao wenyewe.

Basi zungumzeni. Pimeni pamoja, wote wawili, si yeye peke yake kama mshtakiwa. Tangu sheria ilipobadilishwa mwishoni mwa mwaka 2019, mtu anaweza kujipima mwenyewe kwa kifaa maalumu, lakini jibu likionyesha maambukizi ni lazima lithibitishwe kituoni. Akikutwa na virusi, dawa ni bure, na kituo kinaweza kumpa za miezi kadhaa kwa pamoja akieleza kwamba kazi yake ni ya safari. Anayezimeza vizuri hadi virusi visionekane katika kipimo hamwambukizi mwenzake. Ipo pia dawa ya kinga kwa yule ambaye hajaambukizwa lakini yumo katika hatari. Uliza bila aibu. Na kondomu, mama, ikiwa unajua kuna jambo na bado hamjapima, usione ni dhambi kuidai kwa mumeo. Una watoto wa kulea.

Kuna mama alinilaumu kwa maneno haya tulipoyasema kwenye semina. Nilimsikiliza, nikamheshimu, lakini sikuyaondoa.

Ukisafiri naye

Baadhi ya akina mama, watoto wakiwa wamekua, husafiri na waume zao safari moja moja. Napenda jambo hili, ingawa si kwa kila mtu. Kwanza pateni ruhusa ya mwajiri kwa maandishi, maana makampuni mengi hayaruhusu abiria, na ajali ikitokea bima itauliza. Mjamzito aliye katika miezi ya mwisho abaki. Mtoto mdogo asipakatwe mbele.

Beba ndoo ndogo yenye mfuniko kwa ajili ya usiku, kwa sababu kushuka gizani kando ya barabara si salama kwa mwanamke. Beba kanga tatu: moja ya kujifunika, moja ya pazia, moja ya kuogea. Oga kwenye vituo vya mafuta mchana, kabla foleni ya wanaume haijaanza. Nguo ziwe chache, rangi ya udongo. Ukitandika kitanda asubuhi, kabini nzima inakuwa sebule, utashangaa.

Gari likiharibika, ziwekwe pembetatu za kuakisi mwanga mbali na gari, si matawi ya majani peke yake, nawe ukae nje ya barabara, si kivulini chini ya tela. Na lori la mafuta likipinduka, liwe lenu au la wengine, ondokeni mbio, msirudie hata mkoba. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, kiasi cha kilomita 30 kutoka Mikese, lori lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, likalipuka. Walikufa watu zaidi ya 100. Kuna nyumba ninazozitembelea hadi leo ambazo hazitaki kusikia harufu ya mafuta ya taa.

Yule mama wa Kihonda aliyehesabu siku kwenye kalenda alisafiri na mumewe mwaka jana hadi Makambako, akarudi kwa basi. Nilimwuliza ameona nini. Akasema ameona kwamba godoro limelika katikati, kwamba mumewe hulala akiwa amekunja miguu, na kwamba pale Mikese wauza ndizi wote wanamwita shemeji, ila mmoja tu anayemwita baba mkwe, naye hajajua kwa nini. Kisha akaniuliza bei ya chandarua, na mita ngapi zinatosha milango miwili ya lori. Nikamwambia sita, na aongeze moja ya kujaribia.